Makofi Haya Ni ya Walioshika Saa na Kipimo

Hotuba kwa jumuiya ya shule ya uuguzi, Muhimbili, Dar es Salaam. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Waheshimiwa viongozi wa chuo na wa shule yetu, wahadhiri na wakufunzi, wauguzi na wakunga wa wodini mnaowapokea wanafunzi wetu kila mwaka, wahitimu, watarajali, wanafunzi, wazazi na walezi. Itifaki imezingatiwa. Assalamu alaykum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na ambao sijawafikia, habari za asubuhi!

Wapo wana jumuiya hii ambao viti vyao viko wazi asubuhi hii, kwa sababu lazima mtu abaki wodini. Naomba tuanze na wao. (Makofi)

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nasi leo tumekuja kutuzana. Lakini tutuzane kwa lipi? Kama ni historia, tunayo. Hospitali hii ilianza mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret. Chuo cha udaktari kikafuata mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Kama ni vyeo, tunavyo pia, na picha zake zimening'inia pale mlangoni. Hayo tuyaache pale mlangoni.

Leo nataka tusherehekee vipimo. Dakika, mililita, gramu, nyuzi za joto. Mafanikio makubwa ya ukunga na uuguzi katika ukanda wetu kwa miaka hii kumi na mitano hayakutokana na mashine ya mabilioni. Yametokana na watu waliokubali kupima kitu ambacho zamani kilikadiriwa kwa jicho, wakapima saa nane za usiku, wakapima hata kama hakuna aliyekuwa anawaangalia. Watu hao wengi wao ni nyinyi.

Nianze na damu.

Saa tisa usiku, mama amejifungua. Mtoto analia, kondo la nyuma limetoka, ndugu huko nje wameshaanza kupiga simu. Chini ya mama kuna kitenge, juu ya kitenge kuna shuka, na pembeni kuna beseni. Daktari akiuliza kwa simu, "Amepoteza damu kiasi gani?", jibu la miaka yote lilikuwa lipi? "Kidogo." "Ya kawaida." "Nyingi kiasi." Jamani, "nyingi kiasi" ni mililita ngapi? Kitenge kimenywa sehemu, shuka limenywa sehemu, nyingine imekwenda na maji ya kuoshea. Jicho la mtu huona pungufu, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo jicho linavyozidi kupunja.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Miongoni mwa waandishi wake wamo watu wa chuo hiki. Kifaa kilichobeba utafiti wote ule ni nini? Ni plastiki! Plastiki inayotandikwa chini ya mama mara tu mtoto akishatoka, yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita. Damu inashuka mfukoni, mkunga anasoma mstari. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani ziligundua karibu nusu tu ya wanawake waliokuwa wanavuja kupita kiasi. Zilizotumia mfuko na utaratibu mpya ziligundua asilimia 93. Na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Hilo ni punguzo la asilimia 60.

Wapo waliosoma habari hiyo wakasema, kumbe dawa ni mfuko, tununue mifuko. Sivyo. Mfuko unakwambia tu kwamba kuna jambo. Kilichookoa watu ni kinachofuata baada ya kusoma mstari, na hicho kinafanywa na mikono ya mkunga.

Katika saa ya kwanza, kila dakika 15 mkunga anaangalia damu mfukoni, anaangalia kama bado inatiririka, anagusa mfuko wa uzazi kama umekaza, anapima mapigo na shinikizo la damu. Ikifika mililita 500, anaanza tiba. Ikifika 300 na kuna dalili nyingine mbaya, mapigo yamepanda, shinikizo limeshuka, mfuko wa uzazi umelegea, anaanza tiba vilevile. Hasubiri 500. Na anapoanza, anatoa vyote kwa pamoja. Zamani tulifundishwa ngazi kwa ngazi: kanda tumbo, subiri, choma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, subiri, ikishindikana tafuta kingine. Wakati unasubiri, mama anaisha. Sasa ni kukanda mfuko wa uzazi mpaka ukaze, oksitosini yuniti 10 kwenye mshipa polepole, kisha yuniti 20 ndani ya lita moja ya dripu kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isimame, gramu 1 kwa dakika 10. Maji ya mshipani. Halafu kuchunguza, kibofu kimejaa? kondo limetoka lote? kuna mchaniko? Na kama damu haisimami, kuita msaada bila kuona aibu.

Wanafunzi wa mwaka wa pili, mko? Lita moja kwa saa 4, seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika? (Ukumbi: "Themanini na matatu!") Themanini na matatu! Wazazi mmesikia wenyewe, ada haijapotea. (Kicheko, makofi)

Sasa niseme yanayoharibika, maana sherehe ya wauguzi isiyotaja hatari si ya wauguzi. La kwanza ni friji. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Ampuli iliyoshinda kwenye meza ya leba wiki nzima katika joto la Dar es Salaam utaichoma kwa ujuzi wote ulionao, na mfuko wa uzazi usikaze, kisha lawama imwangukie aliyechoma. La pili ni kasi. Traneksamiki ni mililita 10, kwa hiyo ni mililita moja kwa dakika. Ukiisukuma kwa haraka unashusha shinikizo la mama ambaye tayari ana damu chache. Na itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kwa kuwa baada ya hapo haina faida tena. La tatu ni kabati. Ampuli ya traneksamiki inaweza kufanana sana na ya dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Zikikaa rafu moja, siku moja zitabadilishana, na traneksamiki ikiingia uti wa mgongo inaua. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutoa onyo kuhusu jambo hili. Ziwekeni mbali, tena chumba tofauti ikiwezekana. Ukiwa kiongozi wa wodi na umelitekeleza hilo, wewe una mafanikio ambayo hayatawahi kutangazwa popote, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mimi nayatangaza hapa.

Sasa twende kwenye pumzi.

Mtoto ametoka, halii. Mnajua vizuri kilichokuwa kikifanyika zamani katika vituo vingi. Anashikwa miguu kichwa chini, anapigwa makalio, anavutwa kamasi kwa muda mrefu hata kama hana kamasi, na huku mtu ametumwa kumwita daktari. Daktari anapofika, anaandikiwa "amezaliwa mfu". Alikuwa mfu kweli?

Kuanzia mwaka 2009, hospitali 8 za Tanzania, Muhimbili ikiwamo, zilianza kuwafundisha wakunga wake utaratibu wa kumsaidia mtoto kupumua. Kausha. Mpe joto. Msugue mgongo. Safisha njia ya hewa pale tu inapoziba. Na kama bado hapumui, shika ambu, ule mfuko wa mkono wenye barakoa wa kusukumia hewa, umpe hewa kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Mipumuo 40 kwa dakika, kwa hewa hii ya kawaida tunayoivuta hapa ukumbini. Hakuna mtungi wa oksijeni, hakuna umeme. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimeshuka kwa asilimia 47.

Lakini kuna namba ya pili, na mimi ndiyo inayonikaa kichwani zaidi. Walioandikwa kuwa wamekufa muda mfupi kabla ya kuzaliwa nao walipungua, kwa asilimia 24. Mtoto aliyekufa tumboni hafufuliwi na ambu. Basi wale waliopungua walikuwa nani? Walikuwa hai. Moyo ulikuwa unadunda, polepole, na hakukuwa na mtu aliyeshika kitovu akahesabu.

Je, kazi iliisha hapo? Haikuisha, na hapa ndipo shule kama yetu inapopaswa kusikiliza kwa makini. Pale hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waliwafundisha wakunga utaratibu huo kwa siku moja. Wakawapima kwenye mdoli, wamefaulu vizuri. Wakaenda kuwatazama leba, kwa watoto halisi, na mambo yalikuwa karibu yaleyale ya awali! Mafunzo ya siku moja yalibadilisha mtihani, hayakubadilisha leba. Wangeweza kulaumu wakunga, kama ilivyo desturi. Badala yake wakauweka mdoli palepale leba, mkunga akiingia zamu anafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, kila mtu. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mliosimamia maabara ya ujuzi mnaelewa nasema nini. Kosa la ambu karibu siku zote liko kwenye barakoa: imeegemea jicho, au imeacha mwanya kwenye shavu, hewa inatoka pembeni, kifua hakipandi. Au shingo imekunjwa sana, au imerudishwa nyuma mno. Mambo haya hayafundishiki ubaoni. Kidole kinajifunza kwa kurudia, na kidole kinasahau. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mkufunzi amemrudisha kwenye mdoli mara ya saba, nimemsikia. Arudishwe ya nane. (Kicheko)

Wenzetu wa Haydom hawakuishia hapo. Walipeleka mazoezi ya aina hiyo, pamoja na vifaa bora na takwimu za kila hospitali, katika hospitali 30 za mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo ya mwaka 2025, kwa uzazi upatao 300,000, yalionyesha vifo vya watoto, wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 za kwanza, vimeshuka kwa asilimia 18, na vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Katika kila wodi kati ya hizo, kuna mkunga aliyewasimamia wenzake kwenye mazoezi. Jina lake halimo kwenye jarida.

Niliseme hili wazi, na madaktari waliopo wanisamehe. Orodha za waandishi wa tafiti hizi mara nyingi ni madaktari. Aliyesoma mstari kwenye mfuko, aliyebonyeza saa mtoto alipotoka, aliyejaza fomu akiwa na wagonjwa kumi na wawili wanaomsubiri, anashukuriwa kwa sentensi moja mwishoni: "tunawashukuru watumishi." Ndiyo maana nafurahi shule hii inazalisha wauguzi wenye shahada za uzamili na uzamivu, wanaouliza maswali yao wenyewe. Anayepima aandike pia.

La tatu ni joto, na hili litakuwa fupi kwa kuwa akina mama wenyewe wanalifahamu kuliko sisi.

Mtoto njiti wa gramu 1,600. Utaratibu wa zamani ulisema awekwe kwenye mashine ya joto mpaka atulie, mama asubiri kwenye jengo lingine, kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ianze baadaye. Swali likaulizwa: kwa nini kusubiri? Hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zikalipima swali hilo kwa watoto zaidi ya 3,200 wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8. Kwa Tanzania ilikuwa hapahapa Muhimbili. Watoto waliowekwa kifuani kwa mama mara moja, hata kabla hawajatulia, walikufa pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliosubirishwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, maana kuendelea kuwanyima wengine kifua kungekuwa dhuluma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: anza mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Nani alibeba saa hizo? Katika utafiti, watoto wa kundi la kangaruu walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Jaribuni kufikiria mama aliyejifungua jana, saa 17, na pembeni yake muuguzi anayehakikisha mtoto amesimama wima kati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kofia na soksi zipo, uso umegeuzwa upande, ukingo wa kitenge uko chini kidogo ya sikio, na fundo halijabana tumbo. Joto la kwapani lisome kati ya 36.5 na 37.5. Maziwa ya siku ya kwanza, kwa mililita 60 kila kilo, ni mililita 96, yaani 12 kila saa 3, kwa kikombe kidogo au mpira. Mililita 12 ni kidogo kuliko vijiko vitatu vya chai, na bibi anayekuja na uji hataamini. Kumwelewesha bibi ni kazi ya uuguzi. Naomba tusiihesabu kuwa ndogo. Akina baba nao, kifua mnacho! (Kicheko, makofi)

Nimalizie na kalamu.

Ile chati ya uchungu, patografu, ambayo wanafunzi wanaiona adhabu, ilipata sura yake hapa Afrika. Mwaka 1972, Philpott na Castle, wakifanya kazi katika mji ambao leo tunauita Harare, walichora mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, saa 4 kati yao. Waliuchora kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mkunga wa kituo cha mbali, asiye na daktari, ili ajue saa ya kumsafirisha mama kabla hajachelewa. Chati ile ni mamlaka mliyopewa mkononi. Mstari ukivukwa, una haki ya kuita gari na kumwamsha yeyote.

Basi mbona bado tunazipika? Nanyi mnajua nasema nini. Mtoto ameshazaliwa, chati tupu, mtu anakaa na kalamu anachora mapigo ya moyo ya kila nusu saa ambayo hakuna aliyeyasikiliza, yote 140, 140, 138, 140. Chati nzuri kama hiyo ukiiona, ogopa. Sababu tunazifahamu: mkunga mmoja, wanawake sita, fomu nne zinazouliza mambo yaleyale. Dunia nzima mwaka 2023 ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8, na sehemu kubwa ya upungufu huo uko kwetu. Uongozi upunguze fomu, uongeze watu, na hilo wakubwa mliopo mmelisikia. Lakini kisanduku ambacho hukupima, kiache wazi. Kisanduku wazi kinasema ukweli: saa hii hatukuwa na mtu. Ukikijaza uongo, umeficha upungufu wa wodi yako kwa mkono wako mwenyewe, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha vifo vya uzazi nchini vimefika 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika takwimu za mwaka 2015/16. Sitasimama hapa kusema tumefanya peke yetu. Kuna vituo vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, kuna madereva wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga, wanaoitika simu ya 115 usiku wa manane, kuna wachangia damu, kuna madaktari. Ila kila mwanamke katika hesabu ile aliyejifungulia kituoni alipita mikononi mwa mkunga. Kila mmoja.

Wanafunzi mtakaowasha mishumaa jioni na kula kiapo, pokeeni pongezi zetu. Wazazi, hongereni. Wauguzi wa wodini mnaofundisha watoto hawa bila posho ya kufundishia, shule hii inasimama juu ya migongo yenu, nami naomba uongozi uweke jina la kila mmoja wenu kwenye kitabu cha mahafali, kwa herufi zilezile wanazotumia kwa maprofesa. (Makofi ya muda mrefu)

Baada ya chai, maabara ya ujuzi iko wazi na kuna meza tatu: mfuko wa damu, ambu na mdoli, na kitenge cha kangaruu. Kwenye meza ya ambu kuna saa, na mkufunzi ataibonyeza bila kuwaonya. Wahitimu wa miaka ya nyuma mliokwishahamia ofisini, anzeni na hiyo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.